Umeuziwa dawa ya "kutibu kila kitu" Arusha au Moshi na unataka hela yako? Anza hapa

Mwaka jana mama yangu alinipigia simu kutoka Moshi, anakaa Pasua, sauti imejaa furaha, akaniambia amepimwa mwili mzima bure na wamemkuta na matatizo kumi na moja. Nikamuuliza umepimwa hospitali gani mama, akasema sio hospitali, ni ukumbini, kuna dada mmoja wa jumuiya yao aliwaalika kwenye semina ya afya, unashika kichuma kimeunganishwa na laptopu, dakika moja tu, alafu unapewa karatasi ina rangi nyekundu na kijani. Ini lina mafuta, figo zimechoka, damu nzito, mifupa inalika, orodha inaendelea. Palepale akauziwa pakeji ya 340,000, yani chupa nne za 75,000 kila moja na 40,000 ya kujiunga. Ile ilikuwa hela ya ndizi alizokuwa anapeleka Mbuyuni toka mwezi wa kumi.

Kilichoniuma zaidi sio hela. Mama ana kisukari mwaka wa tisa sasa, na yule dada alimwambia vidonge vya hospitali "vinagongana" na virutubisho kwaiyo avipunguze taratibu. Wiki ya tatu tukamkimbiza hospitali ya Mawenzi, sukari ikasoma 21.6, wakati asubuhi kabla hajala chochote inatakiwa ikae chini ya 7 hivi.

Hela tuliipata, sio yote, 300,000 kati ya 340,000, na ilichukua wiki saba kwa sababu mwanzoni nilikosea mambo mengi. Naandika njia yote hapa maana kila mara nasikia mtu mwingine kalizwa, leo Ngarenaro, kesho Kwa Mrombo, keshokutwa Himo au Majengo, hadithi ni ile ile imebadilishwa chupa tu.

Kabla hujadai hata shilingi, mgonjwa kwanza

Hii ndo hatua ya kwanza na usiiruke hata kama hasira imekupanda. Kama mtu wako aliacha au alipunguza dawa za presha, sukari, kifafa, moyo au ARV kwa sababu muuzaji alimwambia, mrudishe kliniki leo, sio wiki ijayo. Usimwambie tu "anza kumeza tena kama zamani", nenda naye kwa daktari apimwe kwanza maana kuna dawa ukiziacha alafu ukazirudia kwa dozi ile ile ghafla inakuwa shida nyingine.

Na ubebe chupa. Daktari anahitaji kuiona. Kuna "dawa za asili" za maumivu ya viungo ambazo nchi nyingi zimezipima zikakutwa zimechanganywa na dexamethasone kimyakimya, dawa kali ya hospitali ya jamii ya steroidi, hiyo inapunguza maumivu kweli, mtu anasifia, lakini inapandisha sukari. Na hizi za nguvu za kiume mara nyingi zimekutwa na sildenafil ndani, ile dawa iliyomo kwenye Viagra, ambayo mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akikutana nayo presha inaweza kushuka vibaya sana. Kwaiyo mtu akikwambia "ni majani tu haina madhara" we peleka chupa.

Wauzaji wana msemo wao, ukiharisha, ukitapika, ukiwashwa mwili, wanakwambia ni sumu inatoka, vumilia, ndo dawa inafanya kazi. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, mtu akichanganyikiwa au akivimba uso, hamna cha kuvumilia hapo, ni hospitali usiku huohuo. Alafu mwambie daktari au mfamasia ajaze taarifa ya madhara ya dawa iende TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, hiyo karatasi itakusaidia pia kwenye madai.

Jambo lingine la nyumbani. Usimfokee mzee wako. Mi nilimfokea mama kwenye simu na kwa siku nne hakuniambia tena kitu chochote, hata kwamba miguu imeanza kufa ganzi. Watu wetu sio wajinga. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni kilomita kwa kilomita kwenda Samunge kule Loliondo kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kikombe shilingi 500, wakaenda wakulima, wakaenda viongozi, wakaja watu kutoka Kenya, na wapo walioacha ARV zao baada ya pale. Mtu anayeumwa kila siku anatafuta nafuu, ndo maana wauzaji wanamfuata yeye. Ukimfokea anaanza kukuficha, na bila yeye huna shahidi.

Skrinshoti kabla ya kulalamika

Hapa ndo nilipokosea mimi. Nilimpigia yule dada moja kwa moja nikiwa na hasira, tukaongea dakika kumi, nikakata simu, nikarudi kwenye WhatsApp ya mama kutafuta zile meseji za "dawa hii inamaliza kisukari kabisa" nikakuta zimefutwa, imebaki tu alama kwamba ujumbe umefutwa. Stetasi nazo zinajifuta zenyewe baada ya masaa 24. Kwaiyo shika simu ya mgonjwa kwa ruhusa yake, kaa chini, fanya haya kabla muuzaji hajajua kama una shida naye.

Piga skrinshoti za mazungumzo yote, namba ya muuzaji na tarehe zionekane, zile voisi noti zitume kwenye simu nyingine au kwenye imeili yako. Stetasi zake za leo na zijazo piga pia, na kama anaposti Facebook au Instagram piga hizo pamoja na maoni ya chini anapojibu watu. Piga picha chupa kila upande, lebo, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, nchi ilikotoka, na kama hamna lebo ya Kiswahili wala Kiingereza piga hivyohivyo maana hilo peke yake ni tatizo. Kipeperushi cha semina, bango, ile karatasi ya "vipimo", fomu yoyote aliyosaini. Usitupe boksi. Na acha kutumia iliyobaki, hii ntaielezea chini, ina sababu ya kisheria.

Malipo sasa. Kama alilipa kwa simu tafuta meseji ya muamala, ina jina la mpokeaji na namba ya kumbukumbu, na kama ameifuta mtandao wake unaweza kutoa taarifa ya miamala. Angalia hela ilikwenda kwa nani, namba binafsi au Lipa Namba ya kampuni, maana wanaweza kukwambia baadae kwamba kampuni haikupokea kitu. Kama alilipa keshi na hakupewa risiti ya EFD basi andika siku, saa, mahali, na nani alikuwepo akiona. Mama alilipa 200,000 kwa simu na 140,000 keshi, ile keshi tuliithibitisha kwa mama wawili wa jumuiya waliokaa naye benchi moja.

Watu wengine wanashauri upige huduma kwa wateja ya mtandao useme umekosea namba ili muamala urudishwe. Usifanye hivyo. Hujakosea namba, unatoa taarifa ya uongo, na ukija kudai kwa haki yule muuzaji anakugeuzia kibao.

Andika ahadi, sio matokeo

Naomba usome hapa taratibu kwa sababu madai mengi yanakufa kwenye hatua hii.

Ukienda kwa muuzaji ukasema "dawa yako haijanisaidia" umeshashindwa. Ana majibu tayari. Mwili wa kila mtu ni tofauti. Umetumia wiki tatu tu, dozi ni miezi mitatu. Ulikula ugali na nyama nyekundu. Hukuwa na imani. Mtabishana mpaka jioni na mwisho utanunua chupa nyingine.

We dai kuhusu kile alichokuahidi siku ile ya kuuza. Chukua karatasi, andika maneno yenyewe kama yalivyosemwa, mama akakaa na mimi barazani tukaandika: alisema "hii inatibu kisukari moja kwa moja", alisema "mashine imeona ini lako lina mafuta", alisema "punguza vidonge vya hospitali", alisema "imethibitishwa na serikali". Mbele ya kila ahadi andika ushahidi wako, skrinshoti namba ngapi, shahidi nani, kipeperushi ukurasa gani. Tukapata ahadi nne zenye ushahidi na tatu hazina, zile tatu tukaziacha. Usijaze madai kwa hasira, ahadi moja iliyoandikwa na muuzaji mwenyewe inatosha kuliko kumi za kukumbuka.

Sababu iko kwenye sheria. Ukinunua kitu kizima kabisa alafu ukabadili mawazo, duka halilazimiki kukurudishia hela, hilo tuwe wakweli. Lakini ukiuziwa kitu kwa maelezo ya uongo ni habari nyingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, ikiwemo kusema bidhaa ina faida au matumizi ambayo haina. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ile Sura ya 214, inasema kitu ukiuziwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo, na ukimwambia muuzaji unakitaka kwa kazi flani ukategemea ujuzi wake basi kiifae kazi hiyo. Kwaiyo kale kabango ka "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" wala kasikutishe, hakawezi kumlinda aliyekudanganya.

Lakini ukikaa nacho muda mrefu au ukaendelea kukitumia, inahesabika umekikubali, na hapo unabaki na kudai fidia badala ya kukataa mzigo wote. Ndo maana nimesema acha kutumia. Mwambie muuzaji mapema, kwa maandishi, kwamba umekataa bidhaa na iko kwako akaichukue.

Kuonyesha kwamba ahadi ni ya uongo

Anza na usajili, ni rahisi na hauhitaji ubishi wa kisayansi. Dawa na vifaa tiba ni kazi ya TMDA. Chakula na vipodozi vilihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019, pale TFDA, mamlaka ya zamani ya chakula na dawa, ilipobadilishwa kuwa TMDA. Dawa za asili na waganga wake ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kusema kweli wapo waganga wa mitishamba waliosajiliwa wanaofanya kazi yao kwa adabu na watakwambia wazi hili siliwezi nenda hospitali ya KCMC. Chupa ikiuzwa kama chakula au kirutubisho alafu mdomoni muuzaji anasema inatibu kansa, kisukari, uvimbe wa kizazi, bawasiri na nguvu za kiume, uliza swali moja tu, imesajiliwa kama dawa ya ugonjwa upi? Akikuonyesha cheti kisome. Yule dada alituonyesha cheti kweli, kimelaminetiwa kabisa, kumbe ni usajili wa jina la kampuni. Leseni ya biashara, namba ya mlipakodi, usajili wa kampuni, hamna hata kimoja hapo kinachosema dawa inatibu.

Ile mashine ya kichuma. Haijachukua damu, haijachukua mkojo, na kabla ya kupima ilikuuliza umri, jinsia, uzito na urefu. Sukari ya kweli inapimwa kwenye damu. Mafuta kwenye ini daktari anayatafuta kwa ultrasaundi na vipimo vya damu. Kama unaweza, rudi na ndugu mwingine, mpimwe mtu yuleyule mara mbili, mara ya pili ataje umri na uzito tofauti, alafu linganisha karatasi. Sisi tulifanya hivyo kwa dada yangu, mara ya kwanza alitaja miaka 29, mara ya pili 58, dakika kumi katikati, karatasi zikatoka kama za watu wawili tofauti. Tuliziambatanisha kwenye barua na nadhani ndo kilichowaogopesha zaidi.

Kuna na hii ya kuloweka miguu, iko sana mjini sasa hivi, unaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi lina kidude cha umeme, baada ya nusu saa maji yanakuwa kahawia yana povu chafu, unaambiwa ndo sumu zako hizo. Jamani ile ni kutu. Umeme ukipita kwenye chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma kinalika na maji yanabadilika rangi. Mwambie awashe mashine bila miguu ya mtu yeyote, maji yaleyale, chumvi ileile, usubiri nusu saa ile ile. Maji yatakuwa kahawia. Kusafisha mwili ni kazi ya ini na figo na zinafanya usiku na mchana bila beseni.

Na usidhani kudai hela kwa ahadi ya uongo ya afya ni jambo la ajabu. Australia mwezi wa kumi na mbili 2010 mamlaka ya ushindani ya kule iliibana kampuni ya bangili za Power Balance, zilizouzwa kwa madai ya kuongeza nguvu na kukupa balansi, kampuni ikakubali kwamba haina ushahidi wa kisayansi wa kuaminika na ikawatangazia wateja warudishiwe hela. Marekani nao mwaka 2009 tume yao ya biashara iliwapeleka mahakamani wauzaji wa Kinoki, zile plasta za kubandika nyayoni usiku asubuhi unazikuta nyeusi, ndugu zake kabisa na lile beseni.

Ukiambiwa "wewe sio mteja, wewe ni mwanachama"

Huu mtego ujue mapema. Ile 40,000 ya kujiunga na fomu aliyosaini mama zilimfanya kwenye makaratasi yao awe "msambazaji" sio mnunuzi. Kwaiyo tulipodai wakasema hakuna mteja hapa, huyu ni mfanyabiashara mwenzetu, hasara ya biashara ni yake. Nilikosa usingizi siku hiyo nikidhani tumekwisha.

Jibu lake ni kuonyesha alinunua kwa ajili gani. Chupa nne, zote za kumeza yeye, hajawahi kuuza hata moja, hajamwingiza mtu hata mmoja, na meseji zinaonyesha aliuziwa kwa sababu ya sukari yake. Andika hivyo waziwazi. Na waulize je kipato chao kinatoka kwenye kuuza bidhaa au kwenye kuingiza watu wapya wanaolipa kujiunga, kwa sababu upatu wa piramidi ni kosa la jinai Tanzania, na swali hilo likiwekwa kwa maandishi huwa linabadilisha sauti ya mtu haraka.

Hapohapo mkumbuke yule aliyekuuzia. Mara nyingi naye kapigwa. Yule dada wa jumuiya alikuwa amekopa vikoba laki nane kuingia, ana chupa zimejaa chini ya kitanda, na alimwamini bosi wake wa juu kama mama alivyomwamini yeye. Tulimwambia tunamdai yeye kwa sababu ndo aliyepokea, lakini barua tukaielekeza pia kwa kampuni na kwa yule "mlezi" wake mwenye ofisi Arusha. Hilo lilimfanya aache kujitetea akaanza kutusaidia, akatupa hadi rekodi ya mafunzo yao wanapofundishwa cha kumjibu mtu wa kisukari.

Barua

Andika fupi, kwa adabu, Kiswahili cha ofisini. Tuma WhatsApp na nakala ya karatasi mpelekee mkononi asaini kupokea, akikataa kusaini nenda na shahidi uandike tarehe na saa. Tulioandika sisi ilikuwa hivi, badilisha yako:

"Tarehe flani nilinunua kwako chupa nne kwa shilingi 300,000 na kulipa shilingi 40,000 ya kujiunga. Ulinieleza kwa maandishi kwamba bidhaa hii inatibu kisukari na kwamba imethibitishwa na serikali. Nimeomba uthibitisho wa maelezo hayo na sijapewa. Kutokana na ushauri wako nilipunguza dawa za hospitali na tarehe flani nililazwa, nakala ya cheti imeambatanishwa. Nimeikataa bidhaa na ipo kwangu, unaweza kuichukua. Naomba nirudishiwe shilingi 340,000 ndani ya siku saba kupitia namba hii. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani na TMDA."

Usiandike "matapeli nyie", usitishie kumwaibisha mtandaoni, usimpost picha yake na familia yake. Ukimtukana, kesi inahamia kwenye matusi yako.

Watakupa ofa. Ya kwanza kwetu ilikuwa kubadilishiwa chupa nyingine "yenye nguvu zaidi". Kataa. Ya pili warudishe hela ya chupa mbili ambazo hazijafunguliwa, 150,000. Hapa wengi wanakubali kwa kuchoka na siwalaumu, ila tulijibu kwamba chupa zilizofunguliwa zilifunguliwa kwa sababu ya uongo uleule.

Siku saba zikipita

Anzia karibu. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu muhimu kuliko watu wanavyofikiri, muuzaji akiitwa pale mbele ya majirani na barua ikasomwa, wengi wanalipa. Kwetu ndo hapo 150,000 ya kwanza ilitoka, kwa mwenyekiti, kwenye viti vya plastiki chini ya mparachichi, mama akiwa amefunga kitenge chake cha kanisani na bahasha ya vyeti mapajani.

Pili, Tume ya Ushindani, FCC. Ina ofisi ya kanda Arusha, TMDA na TBS pia zina ofisi za kanda ya kaskazini hapohapo Arusha, kwaiyo mtu wa Moshi anaweza kuzimaliza zote kwa safari moja ya asubuhi, au kutuma kwa imeili. FCC unawapelekea suala la kupotoshwa na hela yako, sheria inampa aliyepata hasara nafasi ya kuomba iamuriwe alipwe fidia. TMDA unawapelekea chupa, mashine na madai ya tiba. Usichanganye, ukienda TMDA ukaanza na hela watakuelekeza kwingine, ukienda na chupa na cheti cha hospitali utasikilizwa vizuri. Kama Arusha ni mbali nenda kwa mganga mkuu wa wilaya au mfamasia wa wilaya, nao wanapokea. Kila unapopeleka karatasi omba nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kila mahali.

Kama muuzaji hajulikani, ni namba tu ya simu iliyokuuzia mtandaoni alafu ikazimwa, hiyo nenda polisi, sema umeibiwa kwa njia ya udanganyifu, uchukue RB, yani namba ya taarifa yako polisi, na namba ya simu ya muuzaji itume TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwenda 15040.

Mahakama ya mwanzo iwe mwisho lakini usiiogope, mambo ni kwa Kiswahili, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na ukiwa na ile karatasi ya ahadi na ushahidi wake umeshafanya nusu ya kazi. Sisi hatukufika huko. Baada ya nakala yenye muhuri wa FCC kumfikia yule mlezi wa Arusha ikaingia 150,000 nyingine kwenye simu ya mama jioni ya siku hiyohiyo. Ile 40,000 ya kujiunga hawajairudisha mpaka leo, na barua yake bado iko wazi.

Siku ya kupokea hela

Watakuletea karatasi usaini. Soma. Kwetu iliandikwa kwamba mama "hana malalamiko yoyote kwa mamlaka yoyote na anathibitisha bidhaa ni salama". Tukaikata hiyo sentensi kwa peni, mama akasaini kwamba amepokea 150,000 na amerudisha chupa mbili nzima, basi. Malalamiko ya TMDA hayauzwi pamoja na hela yako, kuna mgonjwa mwingine atakutana na mashine hiyohiyo kesho.

Na uliza kuhusu picha. Siku ya semina walimpiga mama picha ameshika chupa anacheka, kumbe ikawa inazunguka kwenye stetasi za watu asiowajua, imeandikwa chini kwamba bibi wa Moshi amepona kisukari. Tuligundua kwa bahati, binamu yangu aliiona akiwa Babati. Tukaandika barua ya pili, fupi kuliko ya kwanza, tukitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwamba sura yake na habari za ugonjwa wake zimetumika bila ridhaa na ziondolewe kila zilipowekwa. Iliondolewa siku ya tatu. Mama aliniomba nimpigie binamu ahakikishe haipo kweli, nikapiga, nikamwekea spika asikie mwenyewe.